Karani wa Maduka Manane

Siku ile tulikuwa watu saba mbele ya chumba changu. Alikuwapo Bwana Mhina, mwenyekiti wetu wa mtaa, na muhuri wake ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwapo afisa wa halmashauri, binti aitwaye Neema, amevaa kofia ngumu ya njano ingawa juu yetu hapakuwa na kitu cha kumwangukia. Alikuwapo Mama Zubeda wa duka la kwanza, muuza vitambaa, aliyekuja na kigoda chake kwa sababu anavijua vikao vyetu. Alikuwapo Jofrey wa bucha, duka la nane, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwapo mdogo wangu Hamisi, ameomba ruhusa kazini kwake Hale ili nisisimame peke yangu. Mimi nilikuwapo. Na Karani, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimsubiri, alifika wa mwisho, akatuuliza kwa nini tumechelewa kuanza.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Halmashauri inayakarabati Maduka Manane. Vyumba vilivyojengwa tangu mwanzo vitabaki, na wapangaji wake watapewa mikataba mipya. Vibanda vilivyoongezwa baadaye vitavunjwa kupisha mtaro. Na mimi niko Maduka Manane, chumba cha tisa.

Ukiisoma sentensi hiyo mara ya pili utaona kwa nini nilikuwa sijalala siku nne. Chumba kile ndicho kilichowalea wadogo zangu watatu. Kikivunjwa, sina kingine ninachokijua.

Alitakiwa mtu wa kueleza chumba cha tisa kilijengwa lini. Mtu wa namna hiyo tulikuwa naye mmoja tu. Lakini kabla sijasema alieleza nini, ni lazima nimweleze yeye, maana asiyemjua Karani hatajua siku ile alitoa kitu gani.

Sijui alizaliwa wapi na hakupenda kuulizwa. "Nimezaliwa kazini," alikuwa akijibu. Sisi wa upande huu wengi ni wajukuu wa watu walioletwa kukata mkonge, kila mtu na kwao, kwa hiyo swali la asili tumezoea kuliacha lipite. Nilipomjua mimi alikuwa tayari mzee, mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo vyote hadi shingoni hata mwezi wa pili wakati jua la Korogwe linapochoma lami. Kwenye mfuko wa kifuani alikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Siku moja mteja aliishiwa wino wakati wa kusaini, nikamwomba Karani amwazime ya bluu. Akampa. Haikuandika. Akampa nyekundu. Haikuandika nayo. Akazirudisha zote mbili mfukoni kwa utaratibu, akasema, "Kalamu za ofisi haziazimwi," kana kwamba ndizo zilizokataa.

Kazi hakuwa nayo. Lakini kila asubuhi saa mbili kamili alikuwa pale barazani, na kila jioni aliondoka wa mwisho. Alitembea kutoka duka la kwanza hadi la nane, mikono mgongoni, akichungulia kila mlango. Aliyefungua mapema alimwitikia kwa kichwa. Aliyechelewa alimsimamia mlangoni bila kusema neno hadi mtu akaanza kujieleza mwenyewe, mara mtoto aliumwa, mara maji yalikatika. Kinyozi wa duka la tano, kijana aliyetoka Dar es Salaam na mwenye mdomo, alimuuliza mara moja, "Mzee, wewe hapa ni nani hasa?" Karani akamtazama kuanzia viatu. "Mimi ni karani wa kwanza wa maduka haya. Wewe ni mpangaji wa kumi na moja wa chumba hicho. Endelea kunyoa."

Ni kweli kwamba aliwajua wote kumi na mmoja. Kabla ya kinyozi palikuwa na mwenye video, kabla yake muuza mitumba, kabla yake fundi redio, na kadhalika kurudi nyuma hadi kwa mwoka mikate aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku. Na hakukubali kwamba wameondoka. Mtu akimuuliza wapi pa kutuma pesa kwa simu, alimwelekeza, "Nenda pale posta." Posta ilifungwa kabla mimi sijazaliwa. Mgeni alizunguka baraza lote akitafuta posta, na wakala wa simu amekaa anamtazama.

Ukimtega kidogo tu, alikupa historia nzima.

Maduka Manane, alisema, yalijengwa miaka michache kabla ya Uhuru, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Ngombezi, kwa sababu watu wa mkonge walikuwa huku na maduka yalikuwa mjini. "Kabla ya hapo mtu anatoka kambini kwenda kununua sukari, anarudi ameila nusu njiani." Kwa hiyo yakapangwa manane kwa mstari mmoja, chini ya paa moja la zege linalotokeza mbele kama ukingo wa kofia, na mbele yake baraza moja refu la sakafu iliyong'arishwa. Mtu angeweza kununua nguo, mkate, nyama, dawa, taa na barua yake ikafika, bila kunyeshewa hata tone. Hapakuwa na kitu kama hicho kutoka hapa hadi Tanga, alisema. Siku nyingine akisimulia ilikuwa hadi Moshi. Akiwa amekunywa chai ya maziwa ilikuwa hadi Nairobi.

Jambo alilolipenda zaidi lilikuwa madirisha. Duka la kwanza na la pili yalikuwa na vioo virefu kuliko mtu. Jumapili watu walitoka makambini wamevaa nguo safi, familia nzima, wakaja kusimama mbele ya vioo duka likiwa limefungwa.

"Kutazama bidhaa?" niliuliza nilipokuwa bado mgeni.

"Bidhaa gani? Kujitazama. Kioo cha nyumbani kinakuonyesha pua. Kile kilikuonyesha mtu mzima, pamoja na miguu. Kuna mwanamume aliwahi kujiona mgongo kwa mara ya kwanza pale, akauliza kama huyo ni baba yake."

Vioo havipo sasa, pametiwa matofali na nondo. Lakini Karani alipopita pale bado alijikagua ukosi wa shati.

Baadaye ukaja wakati wa duka la ushirika na uhaba, nao aliusimulia kwa fahari ileile, kana kwamba uhaba ulikuwa bidhaa iliyoletwa kwa lori. Watu walipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na kwa kuwa wana mashamba ya kulima, kila mmoja aliweka jiwe lake kwenye mstari akaenda zake. Baraza lote lilijaa mawe. Karani ndiye aliyeyalinda. Alijua jiwe la kila mtu kama mchungaji anavyojua ng'ombe zake. Mara moja mbuzi waliingia wakayatawanya, akayarudisha yote mahali pake kwa kumbukumbu. Mama mmoja aliporudi akadai lake lilikuwa la tatu.

"La tatu lina doa jeupe," Karani akamwambia. "Lako ni lile la kumi na nne, lenye sura ya kiazi."

"Unanitukana?"

"Sijasema wewe. Nimesema jiwe."

Alikuwa na maneno mawili ya kukatia shauri. Jambo akilikubali alisema, "Hiyo iandikwe." Akilikataa, "Hiyo haimo." Yalitosha kwa kila kitu, kuanzia bei ya nyanya hadi siasa. Mwenyekiti Mhina alipofiwa na mkewe, Karani alikwenda msibani, akakaa siku tatu bila kusema kitu, na siku ya kuondoka akamshika mkono akamwambia, "Hiyo haimo kabisa." Mhina anasema katika maneno yote aliyoambiwa siku zile ndiyo anayoyakumbuka.

Uongo wake nao ulikuwa na utaratibu. Aliwahi kupelekwa Handeni na lori la vitambaa, kufungua tawi, alisema, kwa ajili ya wafugaji wa kule waliotaka mashuka mekundu. Njiani lori liliharibika, simba akaja. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza simba walikuwa watatu. Miaka kumi baadaye alikuwa mmoja na amechoka. Mara ya mwisho nilipomsikia akiisimulia alikuwa fisi, na tena mbali. Nikamchokoza, "Karani, simba wameisha?" Akajibu bila kutikisika, "Umri ukienda, binti, mtu anaona vizuri zaidi."

Lakini kiti cha enzi cha hadithi zake zote kilikuwa meza ya duka la kwanza. Hapo ndipo alipokaa, alisema, karani, nyuma ya kaunta, kivulini, na feni ya dari ikizunguka juu ya kichwa chake. Barua ziliandikwa na yeye. Mizigo iliingizwa vitabuni na yeye. Watu wa mkonge walipokuwa wakiungua mashambani, yeye hakuwahi kutoka nje mchana. "Mimi jua nimelijua uzeeni," alikuwa akisema, na kuinua uso kulitazama, kama mtu anayekagua mfanyakazi mpya.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuendana na meza na feni, lakini sikulitilia maanani. Karani hakuweza kupita pikipiki iliyoegeshwa vibaya. Vijana wa bodaboda walikuwa wakiziacha hovyo mbele ya baraza, naye alishuka, mzee wa umri ule, akazipanga moja moja kwa mshazari, magurudumu ya nyuma ukutani, usukani wote umelalia upande mmoja. Walimpigia kelele, "Mzee, utadondosha chombo!" Hajawahi kudondosha. Nilidhani ni unadhifu tu.

Na mimi nilimjua vipi? Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa darasa la sita. Hamisi alikuwa la pili, Zaina alikuwa hajaanza, Selemani alikuwa bado wa kubebwa. Ndugu walikuja wakagawana, huyu ampeleke huyu Handeni, huyu ampeleke yule Muheza. Nikasema hatugawanywi. Nikaacha shule, nikaanza kuuza karanga na miwa barazani kwa Maduka Manane, Selemani mgongoni.

Wiki ya kwanza Karani alinifukuza kila siku. Baraza si soko, alisema. Wiki ya pili alinifukuza, akanunua karanga, akanifukuza tena. Wiki ya tatu mvua za vuli zilikuja za pembeni, zile ambazo hata paa la zege halizizuii, nikawa nimejibana ukutani nimemfunika mtoto kwa sinia. Akaja akiwa na ufunguo mkubwa wa chuma, wenye kutu, akafungua chumba cha mwisho baada ya bucha, ambacho sikuwahi kukiona kimefunguliwa. Ndani kulikuwa na makreti yaliyovunjika na mavi ya popo.

"Chumba hiki kiko chini ya ofisi yangu," akasema. "Kisafishe. Popo usiwaue, watoke wenyewe."

Nikamuuliza nitamwomba nani ruhusa. Akaonekana kuudhika sana.

"Nimesema kiko chini ya ofisi yangu. Unataka ofisi ngapi?"

Nikakisafisha. Baadaye mwenyekiti wa wakati ule alipokuja kuuliza, Karani alimweleza kwa sauti kubwa kwamba mambo ya chumba cha tisa yalishakamilika zamani. Mwenyekiti akaona aibu kuuliza yalikamilika wapi. Nikaanza kulipa kodi mtaani kama wengine. Karanga zikawa peni na rula, rula zikawa madaftari, madaftari yakawa sare za shule. Mimi niliyeacha shule nikawa nawavisha watoto wa wenzangu kwenda shule, na Jofrey tangu zamani hachoki kunitania kwamba mimi ndiye mwalimu mkuu pekee asiye na cheti. Hamisi sasa yuko Hale. Zaina anafundisha shule ya msingi kule Lutindi. Selemani ni fundi umeme. Wote watatu wananiita Dada tu, na kwa sababu yao Maduka Manane yote yananiita Dada, hata Mama Zubeda anayenizidi miaka ishirini.

Karani alijipa kazi ya kunikagua. Kila nilipoandika orodha ya bidhaa alitaka kuiona. Aliishika mbali na uso, akakunja macho, akasema miwani ameiacha nyumbani, lakini hata hivyo anaona mwandiko wangu unalegea. "Mkono wa karani husimama," alisema. Nikajitahidi usimame. Nilikwenda na orodha zile kwake kwa miaka mingi, na miwani ile sikupata kuiona. Siku moja nilimpelekea kwa makosa barua ya Zaina kutoka chuoni, yenye habari za tumbo na vidonge. Akaishika mbali, akakunja macho, akasema, "Hesabu nzuri. Ila daftari kubwa zipungue." Nikaipokea, nikasema zitapungua. Tangu siku ile sikumuuliza tena kuhusu miwani, na aliendelea kukagua kila Ijumaa.

Sasa nirudi siku ile ya watu saba.

Neema alimsalimia vizuri. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kofia hiyo inavuliwa lini?"

"Ni ya kazi, mzee. Faili letu lina orodha ya maduka manane. Hiki cha tisa hakimo. Nimeambiwa wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo kabla ya faili."

"Na chumba hiki kilikuwapo?"

"Kilikuwapo. Hiyo iandikwe."

Nilipumua. Lakini Jofrey akakohoa. Jofrey si mtu mbaya, watoto wake wamevaa sare zangu na nyingine nilimpa kwa mkopo. Ila kwa muda mrefu alitaka mahali pa kuweka jiko la nyama choma, na mahali penyewe ndipo nilipokaa mimi.

"Karani, nakuheshimu," akasema. "Lakini wewe mwenyewe umetufundisha. Ulikuwa duka la kwanza, mezani, chini ya feni, jua hulijui. Kutoka kule mpaka huku ni mwendo. Ulikionaje chumba hiki? Kupitia ukuta?"

Mama Zubeda akacheka. "Jibu, Karani. Amekushika."

"Nilikuwa napita," akasema Karani.

Neema alifunga kalamu yake. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonitisha. "Mzee, mtu aliyekuwa anapita hanitoshi. Nahitaji mtu aliyefanya kazi humu, au alama ya ujenzi. Bila hivyo naandika kwamba kiliongezwa baadaye. Sina njia nyingine."

Hamisi akanishika kiwiko. Sikumtazama, nilikuwa namtazama Karani. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mkono mmoja juu ya mfuko wa kifuani, juu ya zile kalamu. Bwana Mhina akaanza kukunja mfuko wake wa muhuri.

"Binti," akaniambia, "ondoa rafu ya madaftari makubwa."

Mimi na Hamisi tukaiondoa.

"Kwangueni hapo. Usawa wa kiuno. Chini kidogo. Hapo."

Jofrey mwenyewe ndiye aliyekwenda kuleta kisu, maana kwake vimejaa. Rangi ya kijani ikatoka, chini yake ya waridi, chini yake chokaa. Chini ya chokaa kulikuwa na namba nyeusi, ndefu kama kiganja, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Kumi na saba.

"Kulia kwake kumi na nane," akasema Karani, na hakuwa akiutazama ukuta. "Zinazunguka mpaka nyuma ya mlango, zinaishia arobaini. Chini ya saruji hii mtakuta mifereji, kila mfereji gurudumu moja. Kumi na saba ilikuwa ya mnyapara mmoja, usipomtolea upesi anakupiga kibao. Thelathini na mbili ilikuwa ya mwalimu, haikuwa na kengele. Watu wa mkonge wangekuja vipi dukani? Kwa baiskeli. Na baiskeli ingelala wapi? Hili ni banda la baiskeli la Maduka Manane. Lilijengwa siku moja na mengine, kwa mawe yaleyale. Halikuhesabiwa duka kwa sababu halikuuza kitu. Siku ya mshahara zilikuwa zinafika sitini, nikawa nazining'iniza nyingine darini."

Neema aliinua kichwa. "Ukawa unazining'iniza? Wewe?"

"Nani mwingine?" Akatupa macho barazani, kwa mmoja mmoja wetu, kama anavyotukagua asubuhi. "Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa baiskeli. Hapa mlangoni, juani, miaka sita. Meza sikukaa. Namba hizi niliziandika mimi. Mwenye duka alinifundisha kuandika moja mpaka arobaini kwa sababu baiskeli zilikuwa arobaini, na alipofika hapo hakuona sababu ya kuendelea. Ufunguo walisahau kuudai. Hiyo iandikwe."

Neema akaandika.

Halafu Mama Zubeda, ambaye moyoni hana ubaya na mtu, akasema, "Karani! Baiskeli?" akacheka mpaka kigoda kikalia. Jofrey akacheka. Bwana Mhina akajaribu kujizuia, akashindwa. Hamisi akacheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimeona kalamu ya Neema ikienda kwenye karatasi, nimejua chumba kimepona, na furaha ile ikatoka kwa mlango uliokuwa wazi. Nilicheka kwa sauti, na yeye amesimama pale, mkono bado juu ya mfuko.

Akashuka barazani taratibu, akanyoosha usukani wa pikipiki moja, akaondoka.

Hakuja kesho yake. Wiki ikapita, na ya pili. Jina jipya lilipatikana mara moja, vijana wa bodaboda walilitunga kabla ya jioni: Mzee Baiskeli. Walisema kwa mapenzi, na kwa kweli walikuwa wakimuulizia kila siku. Lakini pikipiki zao zilikaa hovyo, na asubuhi saa mbili kila mwenye duka alijikuta anachungulia nje bila kujua anamjibu nani.

Mkataba wangu ulipotoka, Jumapili nikauchukua, nikaenda nao kwake Ngombezi. Anaishi kwenye nyumba za zamani za kambi, chumba cha pembeni. Nilimkuta nyuma anaanika mahindi kwenye turubai. Shati lilikuwa lilelile, vifungo mpaka shingoni. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Usiniite hivyo."

"Nimekuita hivyo tangu utoto wangu."

"Tangu utoto wako nilikuwa ndiye. Sasa ukiniita mbele za watu ni kichekesho, na ukiniita faraghani ni huruma. Sitaki vyote viwili."

"Nilicheka," nikasema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Nilikusikia. Kicheko chako kina kikohozi mwishoni." Akageuza mahindi kwa mguu. "Yamekwisha. Chumba?"

Nikampa mkataba. Akaushika mbali na uso, akakunja macho. Mkono wa pili ukaanza kupapasa mfukoni kutafuta miwani. Halafu ukasimama. Akanirudishia karatasi.

"Nisomee," akasema.

Kwa miaka yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikasoma, polepole, kila mstari. Nilipofika mahali paliposema chumba kimethibitishwa kwa ushahidi wa mzee aliyekuwa mlinzi wa baiskeli, nilitaka kuuruka mstari. Sikuuruka.

"Imeandikwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Inafutika?"

"Ikifutika, na chumba kinafutika."

Akafikiri. "Basi iache."

Tukakaa. Nikamwambia kwamba nataka kumlipa, aseme mwenyewe ni kwa kitu gani: paa la nyumba yake, godoro, chochote. Nilisema kwa moyo, na niliposikia maneno yangu mwenyewe niliona yalivyo madogo. Aliniangalia kama anavyomwangalia aliyechelewa kufungua duka.

"Godoro ninalo. Nilikupa ukarani wangu. Nirudishie ukarani."

"Nitaurudishaje?"

"Sijui. Mwenye duka la madaftari ni wewe."

Jumapili iliyofuata nilikwenda na daftari kubwa na kalamu yenye wino. Akavaa shati, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaandika moja mpaka arobaini bila kusita, namba zilizosimama wima zote, nzuri kuliko zangu zilivyopata kuwa. Akafunua ukurasa wa pili, akanisubiri. Nikamwandikia herufi ya kwanza.

"Hii nini?"

"A."

"Inafanya kazi gani?"

"Peke yake, haifanyi kazi kubwa."

"Basi lete inayofanya."

Sasa ni Jumapili nyingi. Nyingine anaandika, nyingine anagoma, nyingine tunagombana mpaka majirani wanatoka nje kusikiliza. Anasema namfundisha kama mtu aliyeishia darasa la sita, nami namjibu kwamba ndivyo ilivyo. Macho yake hayaoni vizuri, na safari hii kweli. Tuko ukurasa wa tatu. Namwita Mzee, kama ninavyomwita mzee yeyote barabarani, na kila ninapoaga huniuliza kama siku imefika ya kumwita kwa lile jina lingine.

"Bado, Mzee," namwambia.

"Basi bado unadaiwa," anasema, na kunifungulia mlango.